SOMO LA AFYA KAZINI: WAA LA UNYAYO, DONDA LISILOPONA NA MTOKI



Somo letu safari hii ni kansa ya ngozi: jinsi madaktari wanavyoigawa kwa hatua, na jinsi wanavyokisia kama imekwisha kuingia katika tezi. Tumelichagua kwa sababu katika matawi yetu ya Busitema, Busia na Tororo tumekuta imani moja inayotuumiza. Watu husema, "Kansa ya ngozi ni ugonjwa wa Wazungu wanaochomwa na jua. Sisi weusi haituhusu."

Maneno hayo ni nusu ya ukweli. Weusi wa ngozi hutukinga na jua, hilo halina ubishi. Lakini kansa ya ngozi inayowapata watu weusi mara nyingi haitokani na jua. Hujificha unyayoni, chini ya ukucha, katika donda la miaka mingi na juu ya kovu la moto. Hizo ndizo sehemu ambazo mkata miwa, mchimba dhahabu wa Busia, mbeba mifuko ya saruji na fundi wa boila huziumiza mara kwa mara, halafu huzifunga kitambaa na kurudi kazini.

Jambo tunalotaka kila msomaji abaki nalo ni hili: maisha ya mgonjwa wa kansa hii hutegemea milimita, na milimita hizo hupimwa kwenye nyama iliyokatwa mara ya kwanza. Mgonjwa akichelewa, milimita huongezeka. Nyama yake ikikatwa na kutupwa, hakuna daktari, awe wa Tororo au wa London, awezaye kuirudisha apime.

1. AINA MBILI ZA KUJUA

Kansa za ngozi ni nyingi. Sisi tutashika mbili.

Ya kwanza ni melanoma, yaani kansa ya chembe zinazotengeneza weusi wa ngozi. Kwa watu wa nchi zetu hutokea zaidi unyayoni. Jambo hili lilichunguzwa hapa hapa Uganda zamani. Mwaka 1967 Daktari M. G. Lewis aliandika katika jarida la kansa la Uingereza juu ya melanoma ya Uganda na uhusiano wake na mawaa meusi ya nyayo. Mwaka huo huo wa 1967 pale Mulago ilianza hospitali ndogo ya kansa ambayo leo ni Taasisi ya Kansa ya Uganda. Kwa hiyo asije mtu akatuambia kwamba ugonjwa huu ni wa juzi, au kwamba ni wa watu wengine.

Vijana wetu wanaompenda Bob Marley wakumbuke jinsi alivyokufa. Mwaka 1977 alionekana na melanoma chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu. Ilidhaniwa kwanza kuwa ni jeraha la mpira. Kidole hakikukatwa, aliondolewa ukucha na nyama ya chini yake, akawekewa ngozi nyingine. Ugonjwa ulienea mpaka mapafuni na katika ubongo. Alifariki tarehe 11 Mei 1981 akiwa na miaka 36. Hakuwa Mzungu wala hakufa kwa sababu ya jua.

Aina ya pili tutaiita kansa ya donda. Madaktari huiita skwamasi. Hii huanza katika ngozi ya juu, na kwetu mara nyingi huanza katika donda ndugu la ugokoni lililokaa miaka, au juu ya kovu la moto. Mfaransa Jean-Nicolas Marjolin aliandika juu ya madonda ya namna hii katika makovu mwaka 1828, na mpaka leo huitwa kwa jina lake. Kansa hii haina haraka ya kuanza. Mtu anaweza kuunguzwa na maji ya miwa yanayochemka, au kuchubuliwa na saruji mbichi iliyoingia katika kiatu, akapona, na kovu likageuka baada ya miaka 20 au 30, wakati ameshasahau hata jina la msimamizi wa zamu ile.

Ndugu zetu wenye ualbino wao jua ni adui wa kweli. Kwao kansa ya ngozi huanza mapema usoni, masikioni, midomoni na shingoni. Tawi lenye mwanachama wa namna hiyo lihakikishe anapewa kazi ya kivulini, kofia pana na mikono mirefu. Mafuta ya kuzuia jua kwa ajili yao, yaitwayo Kilisun, yalibuniwa katika hospitali ya KCMC, Moshi, Tanzania.

Kansa ya Kaposi nayo huleta mawaa na vinundu miguuni, lakini hugawanywa kwa njia nyingine. Si ya somo la leo.

2. MIFEREJI NA ASKARI WA LANGO

Hatuwezi kuelewa hatua za kansa bila kuelewa tezi. Shamba la miwa lina mifereji ya kutoa maji yaliyozidi. Mwili nao una mifereji yake. Mbali na mishipa ya damu, iko mishipa myembamba sana inayokusanya maji yaliyobaki katika nyama na kuyarudisha katika damu. Maji hayo huitwa limfu.

Njiani mwa mifereji hiyo ziko tezi, ndogo kama punje ya haragwe. Tezi ni kama askari wa lango la kiwanda: kila kinachopita hukaguliwa. Vijidudu vikifika, tezi hupigana navyo na kuvimba. Ndiyo maana ukichomwa na kisiki, mguu ukatunga usaha, baada ya siku chache unapata mtoki kinenani.

Kila sehemu ya mwili ina lango lake. Unyayo na ugoko hupeleka maji kinenani, na upande wa kisigino mara nyingine hupitia kwanza nyuma ya goti. Mkono hupeleka kwapani. Uso na kichwa hupeleka shingoni na mbele ya sikio. Kansa hufuata mifereji hiyo hiyo. Chembe zake hung'oka, hubebwa na maji ya limfu, na husimama katika tezi ya kwanza wanayoifikia. Zikimea hapo, huendelea na safari. Nyingine hupita katika damu moja kwa moja bila kugusa lango.

Hapa watu hukosea mara mbili.

Kosa la kwanza ni kudhani kila mtoki ni kansa. Sivyo. Kwa mtu anayetembea matopeni, mtoki mara nyingi huletwa na vidonda vya kawaida. Kifua kikuu na virusi vya Ukimwi pia huvimbisha tezi. Mtoki ukiingia hofu isiingie. Aingie mtu hospitali.

Kosa la pili ni baya zaidi: kudhani kwamba bila mtoki hakuna hatari. Tezi inaweza kubeba chembe za kansa na isivimbe kwa miezi mingi. Vidole vya daktari haviwezi kuzihisi chembe hizo. Kwa sababu hiyo daktari hasubiri mtoki. Hulazimika kukisia, na kukisia kwake kuna misingi.

3. HATUA ZINAVYOHESABIWA

Kati ya 1943 na 1952 daktari Mfaransa Pierre Denoix alitunga mpango wa herufi tatu ambao hospitali za dunia nzima huutumia. Ukiziona katika karatasi yako usiogope. T ni uvimbe wenyewe pale ulipoanzia. N ni tezi. M ni kuhamia mbali. Namba inayofuata herufi huonyesha ukubwa wa jambo: N0 maana yake tezi hazijashikwa, M0 maana yake haijahamia mbali.

Kwa melanoma, T haipimwi kwa upana wa waa. Hupimwa kwa unene: toka juu ya ngozi mpaka chembe ya kansa iliyo chini kabisa. Njia hii ilionyeshwa mwaka 1970 na daktari Mmarekani Alexander Breslow. Nyama iliyokatwa huandaliwa maabara, huchanwa nyembamba, na huwekwa chini ya darubini yenye kipimo. Matokeo yake ni haya:

T1: unene usiozidi milimita 1.
T2: zaidi ya milimita 1 mpaka 2.
T3: zaidi ya milimita 2 mpaka 4.
T4: zaidi ya milimita 4.

Ili uone udogo wa vipimo hivi, chukua kadi ya benki. Unene wake haufiki milimita 1. Kadi 5 zikipandanishwa hukaribia milimita 4. Tofauti ya kadi 1 na kadi 5 ndiyo tofauti ya mtu anayepona kwa kukatwa kipande kidogo cha ngozi na mtu ambaye familia yake huanza kuuza ng'ombe.

Daktari hutazama pia kama ngozi ya juu ya waa imepasuka na kuwa kidonda. Ikiwa imepasuka, hali huhesabiwa kuwa nzito zaidi hata kama unene ni ule ule.

Vipimo hivyo vikiunganishwa, melanoma hupangwa hivi:

Hatua ya 0: iko katika tabaka la juu tu, haijachimba chini.
Hatua ya 1: unene usiozidi milimita 1, au mpaka milimita 2 kama haijapasuka. Tezi hazijashikwa.
Hatua ya 2: nene zaidi ya hapo, au ina unene wa zaidi ya milimita 1 na imepasuka. Tezi bado hazijashikwa.
Hatua ya 3: imeingia katika tezi, au imeotesha vinundu njiani kati ya waa na tezi.
Hatua ya 4: imefika mbali, kama mapafuni, katika ini, mifupa au ubongo.

Angalieni, ndugu: kinachotenganisha hatua ya 2 na ya 3 ni tezi. Ndiyo maana swali la tezi ni kubwa.

Kwa kansa ya donda, T huhesabiwa zaidi kwa upana: usiozidi sentimita 2, kati ya 2 na 4, zaidi ya 4. Lakini hata likiwa dogo, likichimba zaidi ya milimita 6 au kufuata mshipa wa fahamu huhesabiwa kuwa zito. Likiingia ndani ya mfupa ni zito zaidi. Hapa pia, tezi zikishikwa, mgonjwa huruka moja kwa moja mpaka hatua ya 3 au ya 4.

4. KUKISIA KABLA YA MTOKI

Sasa tufike penyewe. Mgonjwa amelala kitandani, kinena chake hakina uvimbe. Daktari ajuaje kama kansa imefika huko? Hurudi kwenye karatasi ya maabara na kusoma milimita.

Kwa melanoma yenye unene wa chini ya milimita 0.8 isiyopasuka, wagonjwa wenye kansa katika tezi ni chini ya 5 kwa kila 100. Ikiwa kati ya milimita 1 na 4, ni kama mtu 1 katika kila 5, pungufu kwa nyembamba na zaidi kwa nene. Ikizidi milimita 4, ni kama mtu 1 katika kila 3 au zaidi. Hesabu hizi zilifanywa zaidi kwa wagonjwa weupe wa Ulaya, Marekani na Australia, lakini mwelekeo ni ule ule: unene ukipanda, hatari ya tezi hupanda nao. Na melanoma ya unyayo, kwa kuwa haionekani mpaka mtu ainue mguu, mara nyingi hufika hospitali ikiwa tayari nene.

Mambo mengine yanayoongeza hatari ni haya: waa kupasuka, chembe zake kuonekana zikigawanyika kwa wingi chini ya darubini, na chembe kuonekana tayari ndani ya mshipa mdogo wa damu au wa limfu. Jambo moja huwashangaza watu: kwa unene ule ule, vijana hukutwa na kansa katika tezi mara nyingi kuliko wazee. Kijana asijidanganye kwamba nguvu zake ni kinga.

Kwa kansa ya donda, dalili za hatari ya tezi ni upana wa sentimita 2 na kuendelea, kuchimba kupita mafuta ya chini ya ngozi, kufuata mshipa wa fahamu, kutokea mdomoni au sikioni, na mgonjwa kuwa na kinga dhaifu ya mwili. Juu ya hayo liko linalotugusa sisi: kansa iliyoanza katika kovu la moto au donda la miaka mingi hukimbilia tezi mara nyingi kuliko ile iliyoletwa na jua. Mwenye donda ndugu la ugokoni asingoje.

5. KUITAFUTA TEZI YA KWANZA

Kukisia kukionyesha hatari, hufuata kupima. Mwaka 1992 Daktari Donald Morton na wenzake wa Marekani walieleza njia ya kuitafuta tezi ile ya kwanza, askari wa lango mwenyewe. Rangi ya buluu huchomwa pale waa lilipokuwa. Rangi hufuata mfereji, na tezi ya kwanza kuigeuka rangi ndiyo hukatwa na kupelekwa darubinini. Ikiwa safi, kwa kawaida nyingine zote ni safi.

Njia hiyo yahitaji vifaa na ujuzi usiopatikana katika kila hospitali. Lakini zipo njia nyingine zisizo ngumu. Daktari hupapasa kinena. Picha ya mawimbi ya sauti, ile ile wanayopimwa nayo mama wajawazito, huweza kuonyesha tezi iliyobadilika umbo. Na tezi iliyovimba huchomwa sindano nyembamba, chembe zake zikatolewa na kutazamwa. Kama mtoki wako haupungui baada ya kidonda kupona, omba uchomwe sindano hiyo. Usikubali kupewa vidonge mwezi baada ya mwezi bila kupimwa.

Kuna jambo la kuuliza kabla ya kutia saini. Zamani, tezi ya kwanza ikikutwa na kansa kidogo tu, zote za kinena ziliondolewa. Mwaka 2017 yalitoka matokeo ya uchunguzi mkubwa juu ya melanoma: kuondoa zote mara moja hakukuwaongezea wagonjwa hao maisha kuliko kuwaangalia kwa karibu kwa picha. Tena kuliwaachia wengi mguu uliovimba. Kwa mkata miwa, mguu uliovimba ni kazi iliyokwisha. Lakini kwa mtu ambaye tezi zake tayari zinaonekana zimevimba kwa kansa, habari ni nyingine, na upasuaji bado hufanywa. Muulize daktari, "Tezi yangu ilijulikana kwa vidole au kwa darubini?" Jibu litakuonyesha uko upande gani.

6. NYAMA ISITUPWE

Tutoe mfano mmoja wa upande wetu, bila kutaja jina la mtu wala la shamba. Mkata miwa mmoja alikuwa na waa jeusi kisiginoni. Wenzake walisema ni mwiba uliozama. Walilichokoa kwa wembe. Liliporudi, alikwenda kwa mtu wa dawa mtaani, akalikata na kulitupa katika ndoo. Lilirudi mara ya tatu likiwa na nundu inayovuja damu. Hakwenda hospitali, kwa sababu alikuwa kibarua na siku isiyo na kazi ni siku isiyo na posho. Alikwenda mtoki ulipokuwa mkubwa kama yai. Daktari aliuliza swali moja: "Kile kipande cha kwanza kilikuwa na unene gani?" Hakuna aliyejua. Kilikuwa kimeoza katika ndoo miezi mingi iliyopita.

Somo hapa ni la wote: dresa wa zahanati ya shamba, mama mzazi, na jirani mwenye wembe. Waa la unyayo lisikwanguliwe, lisichomwe kwa maji ya betri, lisifungwe majani. Ukilikwangua juu, unene wa kweli haupimiki tena, na bila unene hakuna awezaye kukisia tezi. Likatwe hospitali, lote likiwezekana. Kipande kiwekwe katika dawa iitwayo fomalini na kipelekwe maabara pamoja na karatasi. Kabla ya kuondoka uliza maneno mawili tu: "Nyama yangu imepelekwa wapi? Majibu yatatoka lini?" Majibu yakitoka, omba nakala. Tafuta humo unene kwa milimita, kama waa limepasuka, na kama kingo za kipande ni safi. Weka karatasi hiyo kama unavyoweka hati ya shamba lako.

7. KUJIKAGUA

Mara moja kwa mwezi, jioni, osha miguu kwa sabuni, kaa penye mwanga, inua unyayo. Tumia kioo, au mke, mume au mtoto akutazamie. Tazama kati ya vidole na chini ya kucha. Watu weusi wengi wana mawaa nyayoni yasiyo na madhara, kwa hiyo tunalolitafuta ni badiliko. Nenda hospitali ukiona moja ya haya:

(a) Waa jipya, au la zamani linalokua, lenye kingo zilizochongoka au rangi mchanganyiko.
(b) Mstari mweusi katika ukucha mmoja unaopanuka, au weusi unaomwagikia ngozi ya pembeni ya ukucha.
(c) Nundu au kidonda unyayoni kinachovuja damu, hata kama hakina weusi. Baadhi ya melanoma hazina rangi.
(d) Kidonda chochote kisichopona kwa wiki 6.
(e) Donda la zamani au kovu la moto lililoanza kuinua kingo ngumu, kunuka, kutoa damu au kuota nyama kama ua la kabeji.
(f) Mtoki usiopungua baada ya kidonda kupona.

Upande wa Uganda anzeni Masafu, Busia au Tororo, na mwombe barua ya kwenda Mbale au Mulago. Upande wa Kenya anzeni hospitali ya Busia, na mbele yake ni Kisumu au Eldoret.

8. HAKI YETU

Kansa ya ngozi na vyama vya wafanyakazi ni habari ya siku nyingi. Mwaka 1775 daktari Percivall Pott wa London aliandika kwamba vijana wasafisha mabomba ya moshi walipata kansa ya ngozi ya korodani kwa sababu ya masizi. Baadaye ugonjwa huo uliwapata wasokotaji nyuzi za pamba wa Lancashire, Uingereza. Mafuta ya mashine yalilowanisha suruali zao kila siku, na kutoka hapo kansa ilikwenda katika tezi za kinena. Waliodai walikuwa wengi, na miaka ikapita. Mwaka 1953 ndipo ilipotoka amri ya kuwataka wapimwe na daktari na mafuta yabadilishwe. Nalo Shirika la Kazi la Kimataifa, katika mkataba wake wa mwaka 1934, liliiweka kansa ya ngozi inayoletwa na lami na mafuta ya madini katika orodha ya magonjwa ya kazi yanayostahili fidia. Fundi wa gereji anayevaa ovaroli iliyolowa oili wiki nzima ajue hilo.

Sheria zetu pia zina meno. Uganda ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006, na Kenya ina yake ya 2007. Zote zamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Kwa Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006, mfanyakazi aliyemaliza mwezi 1 kazini akiugua hulipwa mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza wa ugonjwa. Kwa Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, aliyemaliza miezi 2 hupata kwa mwaka siku zisizopungua 7 kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu, akiwa na cheti cha daktari.

Basi matawi yadai mambo manne. Kwanza, viatu vya mpira kwa kila mtu wa shambani, vya saizi yake, na glavu kwa wanaoshika saruji na oili. Pili, kila aliyeungua kazini aandikwe katika kitabu cha ajali, hata kama alirudi kazini kesho yake. Kitabu hicho ndicho shahidi wake kovu likigeuka baada ya miaka 20. Tatu, zahanati ya kazini iwe na fomalini na chupa za vipande, nayo isitupe nyama. Nne, siku ya kwenda kupimwa isikatwe katika ujira, kwa kibarua kama kwa mwajiriwa wa kudumu.

Dai la nne ndilo zito. Mtu haachi donda mwaka mzima kwa kupenda. Huliacha kwa sababu kupima kunamgharimu ugali wa siku ile. Chama kisipoondoa gharama hiyo, masomo yote kama haya yatabaki maneno ya karatasi.

MASWALI YA KUJADILI TAWINI

1. Kwa nini upana wa waa la melanoma hautoshi kutuambia hatari yake?
2. Mwenzenu ana donda ugokoni la miaka 6 na hana mtoki. Je, yuko salama? Toeni sababu.
3. Mwingine ana mtoki na kidonda kibichi cha kisiki. Mtamshauri afanye nini, na baada ya muda gani arudi hospitali?
4. Katika zahanati yenu, nyama iliyokatwa hupelekwa wapi? Mjumbe wa tawi aulize na alete jibu katika mkutano ujao.
5. Wangapi kati yenu mna kovu la moto la kazini ambalo halikuandikwa popote? Andikeni majina na tarehe kabla ya kutawanyika.